Tugeuze

Saa tatu asubuhi, Räyskälä, nyasi zina umande bado.
Taisto anaizunguka ndege kama mnunuzi wa farasi:
anabonyeza tairi, anatikisa bawa,
anapima mafuta kwa kijiti,
anapapasa makali ya propela kwa kidole gumba.
Ndege hii imeizidi ndoa yetu umri.
Mlango wangu haufungiki mpaka uubamize mara mbili.
Magotini nimepakata keki ya Siiri, dada yake,
anayetimiza sabini leo kisiwani Kumlinge
na ambaye hajawahi kumsamehe mtu aliyechelewa.

Miaka thelathini na mmoja namjua bwana huyu.
Hajapata kugeuza gari.
Tulipopotea tukienda Kuopio mazikoni
alikaza mbele tu, msitu baada ya msitu,
hadi njia ikaishia kwenye rundo la magogo.
Akazima injini. Akasema, "Basi ni hapa."
Rangi ya jikoni aliyoichagua yeye
ninaitazama kila nikichemsha kahawa.
Yeye na Kalervo hawasemezani mwaka wa kumi na tisa,
na chanzo wamekisahau wote wawili.

Tukapaa.
Chini maziwa, mengi, nani atayahesabu,
na mbele, bahari ilipopaswa kuwa,
maziwa mengine, yale ya kunywa,
yamemwagika upeo hadi upeo:
ukungu.

Mwanamke wa redioni akasoma hali ya hewa
kwa sauti ya mtu anayesoma bei za viazi.
Siiri alikuwa ametuma ujumbe kabla hatujaruka:
*Naona mnara wa kanisa. Nusu.*
Taisto akashuka, mita mia tatu,
mia mbili na kitu,
visiwa vikiliwa kuanzia pembeni,
kwanza gati, kisha mashua, kisha paa jekundu
lililokuwepo, halikuwepo.

Tuna sheria humu ndani:
asiye rubani aweza kuonyesha ndege wengine,
wa chuma na wa manyoya,
lakini si makosa ya mumewe.
Nikaishika keki. Nikayaona yale magogo.
Nikauma maneno hadi yakanikwaruza ulimi.

"Tugeuze," akasema.

Hakusema *nageuza*.
Alisema *tugeuze*,
kana kwamba na mimi nina mkono usukanini,
kana kwamba ameniomba.
Bawa likainama, dira ikajizungusha taratibu
kama bibi anayetafuta miwani yake,
na jua likahama kutoka shavu langu kwenda shingoni mwake,
shingo nyekundu, ya kunyolewa jana.
Heri nusu shari, nikawaza,
kisha nikawaza: hii hata nusu si shari.

Oripää walikuwa wamekaa na ndege zao zisizo na injini
wakiingoja mbingu iamue.
Mzee mmoja, Oiva, aligeuza soseji kwa bisibisi.
"Mlikuwa mwende wapi?"
"Kumlinge," akajibu Taisto. "Hapakutaka."
"Na hapa?"
Taisto akatazama nyasi, turubai, moshi.
"Hapa pamekubali."

Nikampigia Siiri. "Nilijua," akasema, akakata.
Dakika haikupita, akapiga yeye.
"Mko hai?"
"Tuko hai."
"Basi kateni keki. Changu mkiwekee foili."
Tukaikata kwa kisu cha Oiva, kilichonukia soseji,
tukala watu tisa, wanane nisiowajua,
ukimhesabu mume wangu.

Usiku ule nilimkuta jikoni na soksi zake,
taa imewaka, mikono nyuma,
akiukagua ukuta kama anavyokagua bawa.
"Hii rangi," akasema.
Nikangoja.
"Hii rangi..."
Akazima taa, akapanda kulala.